Goti la Raundi ya Saba

Jumamosi ya uteuzi, siku timu za mpira wa Kimarekani zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, saa tano asubuhi, watu wa timu ya Duluth waliingia kwenye chumba kikubwa cha ghorofa ya pili, na kila mmoja akakaa kwenye kiti anachokalia kila mwaka. Mezani palikuwa na majagi mawili ya kahawa, boksi la donati, simu nne, na goti la kulia la Delvin Guillory juu ya taulo la bluu. Daktari wa timu alilisogeza kidogo apate pa kuweka sahani yake. Ukuta mzima ulijaa kadi za majina ya vijana, na kila kijana akichukuliwa na timu nyingine, mtu alisimama akaibandua kadi yake.

Delvin alikuwa mtu wa ubavuni. Ndio wale wanaosimama mwisho wa safu, mara wasukumane na majitu, mara watoke mbio wadake mpira, na mara zote wasahaulike. Alikuwa ametoka Opelousas, Louisiana, akacheza miaka minne katika chuo ambacho hakikuwa na jina kubwa. Hakuwa na mbio sana. Mikono yake ilikuwa ya kawaida. Vijana kama yeye huchukuliwa raundi ya sita au ya saba, wakati watazamaji wengi wameshazima televisheni na kwenda kukata majani uani, au hawachukuliwi kabisa.

Goti liliachwa mwezi wa pili, kwenye ukaguzi. Vijana hukaa juu ya meza na kaptula zao, madaktari wa timu zote wakipita mmoja mmoja kuvuta magoti. Daktari wa Duluth alilivuta la Delvin, akaliachia, akalivuta tena, kisha akaomba abaki nalo akaliangalie vizuri. Mambo hayo hutokea. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ilikaa na bega la kijana mpaka katikati ya kiangazi, na mwenyewe alipoliulizia akaambiwa ana haraka.

Delvin alimgeukia Lyle Sorensen. Lyle alikuwa skauti wa Duluth, mtafuta wachezaji katika majimbo ya kusini, na alikuwa amemfuata Delvin misimu miwili, mvua na jua, akila kwa mama yake kila alipopita.

"Mzee Lyle, unaonaje?"

"Waachie. Timu ikiwa na kitu chako mkononi haiwezi kukusahau."

Delvin akaliacha. Alirudi nyumbani kwa ndege akiwa ameunyoosha mguu kwenye njia ya katikati, na wahudumu wakawa wanauruka na vikombe vya juisi.

Mama yake, Bi Ozelia, alimpigia Lyle simu jioni ile ile.

"Bwana Lyle, hilo goti nimelizaa mimi."

"Najua, Bi Ozelia."

"Sasa linarudi lini?"

"Tukimchagua, atalifuata mwenyewe huku huku. Tusipomchagua, nitakuletea kwa mkono wangu."

"Kwa mkono wako?"

"Huu huu."

Alimaanisha. Lyle hakuwa mwongo. Alikuwa tu na mazoea ya kuahidi vitu ambavyo si vyake.

Goti halikusumbua mtu. Lilikaa kwenye rafu ya chumba cha tiba, la moto kama goti lolote, na asubuhi Delvin alipoamka kule kwao nalo lilijinyoosha huku. Jumapili lilijikunja, likakaa hivyo kwa muda, likanyooka, likajikunja tena. Daktari alidhani ni maumivu akaanza kuandaa barafu. Lyle akamwambia hapana, hiyo ni misa. Daktari akarudisha barafu. Kwa maneno yake mwenyewe, katika miaka yote ya kazi hajawahi kuona goti zuri namna hii, ni huruma tu kwamba limepewa mtu wa kawaida.

Basi raundi ya nne ikapita, ya tano ikapita. Huko Opelousas, ukoo mzima ulikuwa uani kwa Bi Ozelia, sufuria kubwa za kamba wa kinamasi zikichemka na pilipili, mahindi na viazi, televisheni imetolewa nje kwa waya mrefu, na simu ya Delvin imewekwa peke yake juu ya meza ndogo, hakuna ruhusa ya kuigusa. Lyle alijua yote hayo kwa sababu alialikwa. Raundi ya sita ilipoanza, goti lilianza kuchezacheza. Delvin ni wa wale watu ambao wakikaa na wasiwasi mguu wao hautulii chini ya meza. Kahawa ikawa inatetemeka vikombeni. Kocha Mapes, aliyewafundisha watu wa ubavuni, aliweka kiganja juu yake.

"Tulia, kijana. Bado."

Likatulia kidogo, likaanza tena.

Raundi ya saba, Duluth walikuwa wamebakiwa na zamu moja tu. Meneja Lindqvist alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Haya jamani. Tumbebe mtu wa ubavuni au tusimbebe? Lyle, sema, maana nakuona unavyotoa jasho."

Lyle alisimama. "Anasukuma vizuri, bosi. Hakosi mazoezi, hana maneno. Wenzake wanampenda. Sijasema atakuwa nyota. Nimesema atakuwepo kila siku."

"Mama yake anapika nini?" Mapes akauliza.

"Hilo linahusu nini?"

"Wewe mzee ukipewa bakuli moja la supu unataka tuchague familia nzima. Mwaka jana ilikuwa pai ya pekani."

Watu wakacheka. Lyle naye akacheka, kwani angefanyaje.

"Mimi namtaka," Mapes akaendelea. "Nina Corbin Haas peke yake, na Haas goti limekwisha. Kila Jumatatu akipanda ngazi nalisikia linavyosaga. Nikimpoteza Haas sina mtu."

"Haas goti lipi?" meneja akauliza.

"La kulia."

Mtu alichukua donati. Lindqvist alilitazama taulo la bluu bila haraka, kisha akamtazama daktari, na daktari akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa hiyo, Mapes," meneja akasema, "unataka mtu, au unataka goti?"

Mapes alikuwa mtu mkweli. Alifikiri kwanza.

"Haas mwenyewe hana neno. Anajua mchezo kuliko mimi. Shida ni goti tu."

"Basi."

"Bosi," Lyle akasema, "lina mwenyewe hilo. Yuko kwao anasubiri simu."

"Sijasema halina mwenyewe. Nasema tunalo. Niambie wewe, kwa nini nimalizie zamu yangu ya mwisho kwa kitu ambacho kiko mezani kwangu tayari?"

Lyle alitafuta jibu. Wote walitafuta, maana hawakuwa watu wabaya. Lakini chumba kile kilikuwa na sheria moja kuu kuliko zote: hutumii zamu kwa kitu utakachokipata bila zamu. Wamechagua hivyo miaka yote, wamesifiwa kwa hilo, na wengine wamejengea nyumba.

"Nilimwahidi mama yake," Lyle akasema.

"Uliahidi wewe. Timu haikuahidi kitu. Kaa chini, bwana, usitutie majonzi, dakika zinakwenda."

Goti lilikuwa mbele yake, mkono ungelifika. Lyle aliona waziwazi jinsi ya kufanya: alizungushie taulo, ateremke ngazi, aliweke kwenye kiti cha mbele cha gari, aendeshe kusini siku mbili. Hakuna ambaye angemkimbiza. Wangemfuta kazi tu, tena kwa upole, na kumwandalia keki. Alibakiza miaka miwili astaafu. Aliona aibu. Ilikaa naye kama dakika moja, kisha ikapita, na yeye akakaa.

Walimchagua mpiga mateke kutoka Idaho.

Matangazo ya televisheni huchelewa kidogo. Kwa hiyo jina la kijana wa Idaho lilikuwa limeshapelekwa, na kadi yake imeshabanduliwa ukutani, na watu wamesimama kupeana mikono, wakati goti bado linachezacheza juu ya taulo. Mmoja mmoja wakaligundua. Wakabaki wanalitazama. Kisha likaacha.

Daktari akalishika. "Liko sawa," akasema.

Lyle alipiga simu kutoka kwenye korido. Nyuma ya sauti ya Delvin akordioni ilikuwa inapigwa, na mjomba mmoja anapiga kelele kwamba kamba wanapoa, watu waje wale.

"Hawakukuchagua, Delvin."

"Nimeona, mzee. Mpiga mateke."

"Ni mzuri lakini."

"Sijasema si mzuri."

"Timu nyingine zitakupigia jioni. Ambao hawakuchaguliwa huwa wanapigiwa."

"Zitanipigia nikiwa na mguu upi?"

Lyle aliihamishia simu sikio la pili.

"Na goti?"

"Wanataka kubaki nalo. Kwa muda."

"Muda gani?"

"Msimu huu. Tuone."

"Sawa," Delvin akasema. Aliisema kama mtu anavyoisema kwenye simu, kuonyesha tu kwamba amesikia.

Jioni zilipiga timu tatu. Zote ziliuliza kuhusu goti, zikashukuru, zikakata.

Haas aliwekewa goti mwezi wa tano, na haikuchukua hata saa nzima. Mwezi wa tisa alikuwa anakimbia kama alipokuwa chuoni. Jambo moja tu lilijitokeza: Jumapili, kabla ya mechi, goti lilimpeleka chini katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, likamwinua, likampeleka tena. Haas hakuwa na dini yoyote. Wenzake walimwonea haya wakapiga magoti naye, na magazeti yakaandika kuhusu imani yake. Aliulizwa akasema anashukuru kwa kila kitu.

Mwezi wa kumi na moja Lyle alikuwa Louisiana, amekuja kumtazama kijana mwingine, mrefu, mwenye mabega yanayozungumziwa. Jumapili aliendesha mpaka Opelousas. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alitaka kusema alikosa, na kwamba mkono alioahidi nao ndio huu na hauna kitu.

Alikuta sebule imejaa, mechi ya Duluth iko hewani. Wajomba walikuwa wamevaa jezi za Haas.

"Mnaona!" mmoja akapiga kelele. "Goti letu hilo! Mwangalie anavyokata kona! Mzee Lyle, karibu, pita, mmetufanyia mambo!"

Haas alidaka tena, na nyumba nzima ikaruka. Delvin alikuwa amesimama ukutani, karibu na mlango wa jikoni, kwa kuwa kukaa kulimsumbua. Siku hizi alifanya kazi kwenye duka la nyama la mjomba wake, kazi ya kusimama. Katikati ya paja na muundi mguu wake ulikwenda laini moja kwa moja chini, na suruali ilianguka vizuri.

"Anacheza vizuri," Delvin akamwambia Lyle.

"Ndiyo."

"Ile ya kukata ndani, kushoto. Mimi ndivyo nilivyokuwa nafanya."

"Nakumbuka."

Delvin akarudi kutazama. Aliposhangilia, alishangilia kwa sauti ya kawaida.

Bi Ozelia alimketisha Lyle jikoni, akamwekea wali na supu ya soseji na bamia. Lyle alifungua mdomo aseme alichokuja kusema.

"Kula kwanza," Bi Ozelia akasema. "Halafu nina ombi."

"Bi Ozelia, kuhusu goti, mimi—"

"Si la kulirudisha. Nimeshaelewa. Lina kazi huko." Alikaa mbele yake, akakunja kitambaa cha sahani mara mbili. "Huyo kijana wenu, anayelitumia. Analala vipi?"

"Sijakuelewa."

"Analifunika? Maana huko kwenu kuna baridi. Delvin analisikia. Usiku hapa kwetu joto, feni imewashwa, na yeye anaamka anatetemeka, ameshika pale ambapo hapana kitu. Nimempaka mafuta, napaka nini sasa? Nimemfunga blanketi, nimefunga hewa." Alisema bila kupandisha sauti. "Nikasema nimwombe Bwana Lyle. Amwambie alifunike tu akilala. Hata soksi ndefu, aivute juu. Mwanangu apate usingizi."

"Nitamwambia."

"Utamwambia kweli?"

"Nitamwambia."

"Haya. Kula, inapoa."

Alimwambia. Jumanne alimkuta Haas kwenye mashine ya mazoezi, akamweleza, na Haas alizima mashine akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Alisikitika sana. Alisema lakini yeye ana joto tangu utotoni, hajawahi kulala na shuka, na dirisha huliacha wazi hata Januari. Na Kocha Mapes, aliyekuwa anapita, akasema kweli, msimu unakwenda vizuri hivi, si wakati wa mtu kubadilisha mazoea. Haas akasema amsalimie sana yule mama. Lyle akasema atamsalimia. Wiki ile ziwa la Duluth lilianza kuganda kando kando.