Ng'ombe wa Ukutani

Bibi Aziza aliuza mihogo mikavu katika soko la Birere, na tangu vakansi, likizo ya shule, ianze, kila asubuhi alikuta gunia limepungua kipande. Mwizi alikuwa mjukuu wake mwenyewe.

"Miaka yote ya université," alimwambia Nasiba akifunga gunia, "ili uje kuandika na chakula yangu juu ya mawe."

"Chaki ni bei, Bibi."

"Na muhogo inaota mu barabara?"

Alisema hivyo, lakini gunia hakuwahi kulificha.

Nasiba aliligundua jambo lenyewe kwa bahati tu. Uani kwa mjomba wake, karibu na ziwa dogo la Lac Vert, kulikuwa na ukuta wa mawe meusi ya volkeno, na siku moja mtoto wa jirani alikwaruza jiwe kwa kipande cha muhogo. Mstari mweupe ukabaki, safi kama wa ubaoni. Nasiba, aliyekuwa amemaliza masomo ya ualimu na bado hajapata shule ya kumpokea, aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Juma lililofuata, watoto wa mtaa walikuwa wamejaa uani.

Hakuwaimbisha a, e, i, o, u. Aliwaambia kila mmoja alete kutoka nyumbani jina la kitu anachokipenda, naye akaliandika ukutani, jiwe moja jina moja. Benny alileta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani ambao angeweza kuwala asubuhi mpaka jioni. Rachid alileta chukudu, gari la mbao ambalo baba yake alisukumia mizigo. Kisha ukaja mchezo. Watoto walitembea kando ya ukuta wakigusa jiwe baada ya jiwe. Aliyesoma alipita, aliyekosea alirudi mwanzo, naye pia akapigiwa makofi.

Deborah peke yake hakuleta kitu. Alikuwa na miaka sita, na wazazi wake walikuwa wameshuka kutoka milima ya Masisi wakikimbia vita. Alikaa pembeni akivuta uzi wa sweta yake. Nasiba hakumsukuma. Siku moja, wenzake wakinywa uji, Deborah alimsogelea mwalimu akamnong'oneza: "Gaju."

"Gaju ni nani, mama?" Nasiba alimwuliza.

"Ng'ombe yetu. Iko na rangi ya chai ya maziwa."

Kesho yake alimleta Bihogo. Akamleta Vakansi, aliyezaliwa shule zikifungwa, na Politiki, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyejua atapiga teke upande gani. Watoto walicheka mpaka Benny akaitupa sambaza yake, naye akataka ng'ombe. Mchezo ukabadilika wenyewe. Sasa ukuta ulikuwa mlima, watoto walikuwa wachungaji, na huwezi kumrudisha ng'ombe nyumbani kabla hujasoma jina lake. Deborah ndiye aliyewasahihisha. Halafu akaanza kuandika mwenyewe, ulimi nje, herufi zikiyumba.

Nasiba alikuwa na furaha ile inayomfanya mtu asione mbali.

Asubuhi moja akaja Papa Éphraïm, baba yake Deborah. Siku hizi alibeba mbao sokoni, lakini fimbo ya kuchungia hakuwa ameiacha. Alisalimia kwa upole, akaangaza macho huku na huku.

"Mwalimu, kayee ya mutoto, daftari yake, iko wapi?"

"Hatutumii kayee, Papa. Tunacheza."

"Ni vile aliniambia. Nikasema labda mutoto anadanganya." Akakohoa. "Basi kesho ataenda ku Sake, kwa shangazi yake. Kule kuko mutoto muchanga wa kuchunga. Atarudia mu septemba."

Nasiba akashikwa na hofu. Septemba ilikuwa mbali, na alijua jinsi herufi changa zinavyotoka upesi kichwani mwa mtoto asipozigusa. Akaanza kueleza: utambuzi wa sauti, maandalizi ya mkono, maneno yote aliyoyaandika kwenye mitihani. Papa Éphraïm alimsikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Nyuma yao mchezo uliendelea. "Gaju, rudi!" Benny aliita. "Bihogo, rudi!"

Papa Éphraïm akageuka. Hakujua kusoma, kwa hiyo ukutani aliona mikwaruzo myeupe tu.

"Nani aliwapa hizo majina?"

"Ni mimi, papa," Deborah alisema.

Papa Éphraïm akamwambia Nasiba kwa sauti ya chini: "Kwetu haziitwake hivi. Ng'ombe unaiita kama unajua itakuja. Ukiita na haikuje, unaita kilio, na zetu zilibakia kule mu vita. Futa."

Nasiba akachukua kitambaa chenye maji, akafuta. Angeweza kumwomba asubiri, lakini baba yule alikuwa tayari ameupa ukuta mgongo. Mawe yakabaki meusi, yakimetameta. Deborah alitazama mpaka jina la mwisho. Hakulia. Baba yake akamshika mkono, wakaondoka.

Jioni Nasiba alimsimulia bibi yake. "Nilifuta, Bibi. Mbele yake."

"Ulifuta mawe," Bibi Aziza alijibu, akipepeta mihogo. "Kichwa ya mutoto uliifuta na nini?"

Asubuhi, kabla watoto hawajafika, geti likagongwa. Papa Éphraïm alikuwa amesimama hapo na Deborah, mkononi kifurushi cha nguo za safari. Nasiba alidhani wamekuja kuaga.

"Mwalimu, huyu mutoto ameandika mulango yangu yote," alisema. "Aliandika na makala, mukaa ya jiko. Mwenye nyumba ataniuliza."

"Samahani, Papa, nitakuja kuisafisha…"

"Ngoja. Mimi sikuziita hizo ng'ombe. Zilikuja zenyewe mpaka ku mulango." Akatazama fimbo yake. "Nikamuuliza, hii ni gani, na hii? Akanionyesha. Mbele ameweka Politiki." Akatikisa kichwa. "Politiki haikutembea mbele hata siku moja. Ingetupeleka sisi wote mu shimo. Mbele ni Gaju."

"Mimi napenda Politiki," Deborah alisema.

"Kupenda ni ingine, njia ni ingine. Kama zitakaa hapa ku ukuta, zitembee vile zilikuwa zinatembea."

Nasiba akampa Deborah kipande kikubwa cha muhogo. Bibi Aziza alikuwa amekiacha mezani asubuhi hiyo, akidai kimeliwa na wadudu. Hakikuwa na tundu hata moja.

Papa Éphraïm alionyesha jiwe kwa ncha ya fimbo, akataja jina, Deborah akaandika. Yalikuja majina ambayo Nasiba hakuwahi kuyasikia. Mtoto alipokwama alimtazama Nasiba, naye akatamka sauti polepole, kisha akangoja. Mwishowe fimbo ikatua juu ya jiwe dogo karibu na ardhi.

"Kulikuwa kandama kadogo," Papa Éphraïm alisema. "Kalizaliwa wakati tulikuwa tunaondoka. Hatukukapa jina."

Deborah akachuchumaa. Hakumwuliza mtu. Aliandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena, kisha akasimama na unga puani.

"Umekaita nani?" baba yake aliuliza.

"Soma, papa."

"Mimi sijue kusoma."

"Basi anza na Gaju. Hauwezi kufika ku kandama kama haujapita ku Gaju."

Papa Éphraïm alimtazama Nasiba, kana kwamba anaomba aokolewe. Nasiba akatazama pembeni. Ndipo baba yule akaegemeza fimbo ukutani, akaweka kifurushi cha nguo chini, na kidole chake kikubwa kikagusa jiwe la kwanza.