Mama Mkwe Aliyekokotwa na Polisi

Mama Adelina alikuja Stockholm kutoka Bukoba mwezi Februari, mwaka wa sabini na sita, kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Alipotoka nje ya uwanja wa ndege aliuliza ni nani aliyeacha mlango wazi. Bintiye Paskalia alimvika makoti mawili na kumfunga vitenge juu yake, lakini wapi. Kila alipopanda gari la mkwewe Zephania alijilaza kiti cha nyuma, akajifunika mablanketi mpaka asionekane hata ukucha.

Jambo hilo lilimfaa Zephania. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupiga chapa, baba mzima mwenye ndevu, lakini kwao mkwe hatazamwi usoni. Tangu mama huyo afike alikuwa amekigeuza kioo cha ndani ya gari kielekee paa, asije akakutana na macho yake.

Asubuhi ya ubatizo, Paskalia akiwa nyumbani kwao Alby, kitongoji cha kusini mwa jiji, anamwogesha mtoto, Zephania alitumwa mjini kuazima sufuria kubwa kwa Ssali, Mganda mmoja mshonaji aliyekimbilia huko baada ya mambo ya kwao kuharibika. Mama Adelina alishika njia pamoja naye, maana sufuria la shughuli halichaguliwi na mwanamume. Walipofika mtaani kwa Ssali mama akachungulia nje, akaona ngazi zilivyoganda, akarudisha kichwa chini ya blanketi.

"Nenda tu, mwanangu. Nitalikagua likifika hapa."

"Basi usishuke, Mama, mpaka nirudi."

"Nishuke niende wapi?"

Zephania alifunga milango kwa ufunguo. Kibao kilichosema kwamba siku hiyo ni marufuku kuegesha gari upande ule, ili theluji izolewe, kilikuwepo kweli, ila chenyewe kilikuwa kimefunikwa na theluji.

Ssali hakuwa mtu wa kumtoa mgeni bila chai. Wakanywa, wakazungumza, wakashuka wakiwa wamelishika sufuria huku na huku. Nje walikuta mtaa umesafishwa vizuri kama meza ya harusi. Theluji hakuna, gari hakuna.

"Banange!" Ssali akasema. "Wamefagia mpaka gari."

Zephania alikaa juu ya sufuria. "Ssali, ndugu yangu, mke wangu nitamwambia nini? Nimempoteza mama yake."

Walikwenda kituo cha polisi kwa miguu, sufuria likiwa kati yao. Mezani walimkuta konstebo mmoja kijana, mrefu, mwenye adabu nyingi, jina lake Sundin. Alipiga simu, akasikiliza, akatabasamu.

"Gari halikuibiwa. Lilikokotwa na gari letu la winchi, kwa kuwa lilikuwa limeegeshwa mahali pasiporuhusiwa. Liko yadi."

"Na mama?"

"Mama yupi?"

"Mama mkwe wangu. Yumo ndani, kiti cha nyuma."

Sundin aliacha kutabasamu. "Haiwezekani. Sheria hairuhusu gari kukokotwa likiwa na mtu ndani."

"Lakini alikuwemo."

"Kama alikuwemo, tusingelikokota. Tumelikokota. Kwa hiyo hakuwemo."

Ssali, ambaye Kiswidi chake kilikuwa cha kuombea vifungo na uzi, alimwomba Zephania amtafsirie. Alipoelewa alimtazama yule kijana kwa heshima kubwa. "Huyu amesoma," akasema.

Sundin alipiga simu tena, na safari hii alisikiliza muda mrefu. Mlinzi wa yadi alikuwa akipiga kelele hadi sauti yake ikawafikia wote. Kulikuwa na bibi ndani ya Volvo ya kijani. Amejifungia. Hataki kutoka. Amepewa kahawa kupitia dirishani, amekunywa, amerudisha kikombe na kuomba sukari zaidi kwa ishara.

"Mlinzi anasema kuna mtu ameingia yadi ya polisi bila kibali," Sundin alisema polepole. "Hilo ni kosa."

"Ameingiaje, na lango limefungwa?" Zephania akauliza.

"Ndilo tunalotaka kumwuliza."

Akawachukua kwa gari la polisi, wao na sufuria. Njiani Zephania alimwona akilini mama wa watu amelia mpaka machozi yamegandia shavuni, akaona na ndoa yake inaondoka taratibu.

Mama Adelina hakuwa amelia. Alikuwa ameketi wima katikati ya mablanketi kama mwenyekiti wa mkutano, na magari mengine mabovu yamejipanga mistari kushoto na kulia kwake. Alipomwona Zephania aliteremsha kioo cha dirisha kidogo.

"Umerudi?"

"Nimerudi, Mama. Nisamehe. Kwa nini hukupiga kelele walipokuvuta?"

"Nani alinivuta? Nililala kidogo, nikaamka gari linakwenda kinyumenyume, limeinua matako juu. Nikasema moyoni, huenda ndivyo wanavyoendesha huku. Mama mkwe atamfundishaje mkwewe kuendesha gari? Nikanyamaza."

Zephania alijikuta anamtazama usoni, waziwazi, mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yake. Mama alikuwa na mwanya, kama Paskalia.

Mlinzi alitaka bibi ashuke ili gari litolewe kwa utaratibu. Mama Adelina alikataa, kwa kuwa mkwewe alimwambia asishuke mpaka arudi, na arudi maana yake ni pale alipomwacha, si popote tu. Zephania alimbembeleza. Ssali alimbembeleza. Sundin alivua kofia akambembeleza kwa Kiswidi.

"Huyu mtoto anasemaje?" Mama Adelina akauliza.

"Anasema gari lilikokotwa kimakosa, Mama, kwa kuwa wewe ulikuwemo."

"Basi alirudishe lilikotoka."

Zephania alitafsiri akiona aibu. Sundin alifikiri, uso ukamng'aa. Bibi alikuwa amesema sawasawa: kosa husahihishwa kwa kulirudisha gari lilikotoka. Kulikokota haikuwezekana, maana lina mtu. Kwa hiyo Zephania aliendesha, Sundin akitangulia kwa gari la polisi lenye taa inayozunguka, mpaka mtaa ule ule, chini ya kibao kile kile, ambacho sasa kilikuwa kimefutwa theluji na kusomeka vizuri kabisa.

"Hapa si marufuku?" Zephania akauliza akishuka.

"Ni marufuku. Lakini ndipo lilipokuwa."

Mama Adelina alifungua mlango, akashuka, akaligonga sufuria kwa vidole, akasikiliza mlio wake, akalipitisha. Wakati huohuo gari jingine la winchi lilikunja kona likasimama nyuma yao, na mtu akateremka na mnyororo begani. Volvo sasa haikuwa na mtu ndani.

"Ingia, Mama!" Sundin alipiga ukelele kwa Kiswidi, na Mama Adelina, ambaye hakujua hata neno moja la lugha hiyo, akaruka ndani kama msichana. Ssali akaingia mlango wa pili na sufuria mapajani. Konstebo mwenyewe, kwa kuhofia ama kwa kuchoka, akaliacha gari la polisi pale pale, akajitupa kiti cha mbele.

"Endesha," akasema.

Zephania alirukia usukani, akaendesha. Walipolipita daraja la kuelekea kusini, Mama Adelina alianza kucheka. Alicheka mpaka mablanketi yakamwanguka, na Ssali akamfuata, na mwisho hata kijana wa kizungu alikuwa akijifuta macho kwa glavu.

Waliwahi kanisani, kwa taabu. Jioni, nyumba ya Alby ikiwa imejaa Watanzania na Waganda, Sundin aliketi katikati ya sebule bila kofia, akieleza kwa makini sheria ya maegesho wakati wa theluji. Hakuna aliyemsikiliza. Paskalia alihitaji mikono yake ya kupakulia ndizi, akatazama huku na huku nani hana kazi, akampakatisha Sundin mtoto.