Nyambizi ya Melchior

Habari hii nilipewa na Murielle mwenyewe, juma la pili baada ya Pasaka, akinisuka nywele kwenye kibanda chake pale Jules Street, huku kusini tulikohamia. Nilikaa kigodani mpaka shingo ikakakamaa, kwa maana Murielle akisimulia, mikono yake husimama. Nami sikumharakisha. Habari ya mume wa mtu haiharakishwi.

Murielle ni mtoto wa Uvira. Mumewe, Melchior, ni Mrundi, analinda maghala usiku kule Midrand. Wamepanga chumba kimoja Malvern, na chumba chenyewe wamekigawa kwa pazia. Upande huu wao, upande ule Parfait, mdogo wake Murielle, aliyekuja kupumzika wiki mbili na sasa ni mwaka wa tatu anapumzika. Parfait ana redio kubwa kuliko bidii yake. Akiamka, redio inaamka. Akilala, redio inakesha.

Melchior alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya shemeji yake kufika. Shemeji alipofika, hayo machache nayo yakakauka. Ndipo ikaanza tabia mpya. Jumapili akitoka kazini halali. Anaoga, anapiga pasi shati la bluu, anajipulizia manukato, anatoka. Ukimuuliza aendako, anasema anatembea. Murielle akajiambia moyoni: mtu aliyesimama usiku kucha getini, asubuhi anatembea kwa raha gani? Miguu hiyo inavutwa.

Siku moja akamsikia anaongea simuni na Yasini, Mtanzania wanayelinda naye zamu moja. Alikuwa akisema, "Jumapili usinitafute. Naenda kuona nyambizi yangu." Halafu akacheka. Murielle hakukumbuka ni lini alimsikia mumewe akicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu mwenye siri.

Neno nyambizi hakulijua. Sisi wa Kongo chombo hicho tunakiita kwa Kifaransa, na mara nyingi hatukiiti kabisa, maana ziwani kwetu hatukukiona. Na ile "yangu" haikumsaidia. Mtanzania husema mke wangu, nyumba yangu, akatenganisha mtu na kitu. Sisi tunasema bibi yangu, nyumba yangu, mbuzi yangu, wote kapu moja. Kwa hiyo Murielle alisikia "nyambizi yangu" akaona kabisa ina nywele na hereni.

Alipokwenda Mayfair kununua mafuta ya nywele, akamuuliza Shehe, mtu wa Tanga mwenye duka. Hakutaja jina la mume. Aliuliza tu, mwanamume akisema ana nyambizi yake, ana nini? Shehe ni mtu wa swala tano. Akainamisha uso, akapanga chupa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Dada yangu, unisamehe. Vijana wa kwetu wakisema hivyo wanamsema mwanamke aliyejaaliwa huku nyuma."

Murielle akachukua mafuta yake, akatoka. Shehe akamfuata hadi mlangoni akimwambia asubiri, neno lina maana nyingine, tena hiyo nyingine ndiyo ya asili. Lakini nani husubiri maana ya pili na ya kwanza imekwisha kumchoma? Na Murielle mwenyewe mnamjua. Ni mwembamba kama mwiko. Akikupa mgongo hujui kama amekupa mgongo.

Akaipeleka habari kwa Maman Jeannine, kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke mnene wa mwili na wa hukumu. Maman Jeannine hakuwahi kuipenda ndoa ile. Alisema Mrundi mkimya ni sufuria yenye kifuniko, hujui kinachopikwa. Akaamua palepale kwamba Jumapili watamfuata, na wakimkuta na huyo mwanamke, Melchior asirudi kwa Murielle hata kuchukua soksi. Murielle akakubali. Walikuwa wamevuka mipaka pamoja, juu ya malori na kwa miguu, Murielle amemfunga mumewe vidonda na mumewe amembeba. Sasa yote hayo yalikuwa yakingoja mwanamke mmoja atokee, basi yaishe.

Jumapili wakamfuata. Melchior hakwenda Yeoville wala Hillbrow. Alipanda hadi kule kwa matajiri, karibu na bustani ya wanyama, akaingia katika jumba kubwa lenye geti, akakata tiketi. Maman Jeannine akanong'ona kwamba matajiri wa mji huu hawana haya tena, hata kwa wanawake mtu anakata tiketi.

Wakakata na wao, wakaingia. Mwanamke hakuwako. Palikuwa makumbusho ya vita: ndege, vifaru, mizinga, vyote vimepigwa rangi na kupanguswa kama vyombo vya arusi. Baba mmoja alikuwa anampanga mwanawe mbele ya mzinga ili ampige picha, anamwambia atabasamu. Maman Jeannine aliwahi kulala na watoto kichakani kwa ajili ya bunduki ndogo kuliko zile. Akasimama, akamtazama yule baba toka kiatu hadi kofia.

"Sisi tulivikimbia hivi bure," alisema. "Wenzetu wanalipa kuviona. Mungu, watu wengine umewapa pesa ukasahau kuwapa kazi."

Mbele kidogo wakamwona Melchior. Amesimama na shati lake la bluu kando ya dude la chuma, refu, jembamba, kama kambare aliyekaushwa. Wakajibanza nyuma ya kifaru kumngoja mwanamke. Hakuja. Melchior akalizunguka dude, akainama, akachungulia, akaweka kiganja juu yake ingawa kibao kilikataza, akafumba macho. Maman Jeannine alivumilia mpaka miguu ikamwisha, akatoka nyuma ya kifaru akamuuliza yuko wapi.

"Nani?"

"Nyambizi yako. Mtoe tumwone."

Melchior akawatazama wote wawili. Kisha akalionyesha lile dude kwa kidevu. "Si hii?"

Mzee mmoja Mzulu, mlinzi wa pale, alikuwa amekwisha kusogea kwa sababu ya kelele. Akasema eish, Kapteni, leo umekuja na jeshi lako. Hapo Murielle akajua kwamba mumewe amekuwa akija mara nyingi, na kwamba hata wageni wamempa cheo cha kumcheka.

Ikabidi aeleze. Akasema Yasini ndiye aliyemleta mara ya kwanza, akamfundisha na jina lake. Ni chombo cha Wajerumani cha vita ile kubwa, kinapita chini ya maji, na humo ndani huingia mtu mmoja. Alilirudia hilo kama mtu anayehesabu rozari: mtu mmoja, akijifungia hapo juu hasikii neno la mtu. Hakuna pazia. Hakuna redio. Hakuna anayemwita shemeji, nipe ya vocha. Akasema yeye huja kusimama hapa tu, akifikiri kile kimya.

Murielle alisimama amefura. Alikuwa amejiandaa kwa mwanamke, amevaa hata viatu vya kupigania.

"Mwanamke ningempiga," alisema. "Hiki nikipige na nini?" Akakizunguka, akakipima kwa mkono. Ni sanduku la maiti lenye usukani, alisema. Mtu mzima ameacha ibada, amejipaka manukato, amekuja kulitamani jeneza la Mjerumani. Kisha akasimama pale pa kuingilia, akauliza taratibu, "Na mimi ningekaa wapi humu?"

Melchior akatazama chini. Hakuwa mtu wa uongo. Alisema hapana nafasi.

Maman Jeannine akaona hukumu yake inampotea, akaingilia. Akasema kuacha mke kwa chuma ni kuacha mke vilevile. Tena ni aibu mwanamume kumkimbia shemeji, kwa maana ndugu wa mke ni baraka, na Mkristo wa kweli akiletewa ndugu hufungua mlango na kushukuru. Alilisema hilo kwa sauti ya kanisani, mlinzi akaitikia amina.

Murielle akamgeukia. Aliniambia hapo ndipo hasira yote ikahama, kama mzigo unapotoka bega hili kwenda lile. Alikumbuka kwamba miaka yote ile Melchior hakuwahi kusema neno juu ya Parfait, na yeye aliuona ukimya huo kuwa ni ridhaa.

"Amina, Maman," alisema. "Basi Parfait atakuja kwako leo. Umshukuru Mungu naye."

Maman Jeannine akafungua mdomo. Lakini maneno yalikuwa yake, na shahidi alikuwapo mwenye sare.

Wakarudi. Melchior alijaribu mara moja kumshika Murielle mkono pale kwenye roboti, taa za barabarani, Murielle akauchomoa, akamwambia akaushike ule wa Mjerumani. Nyumbani Parfait alisikia hukumu akiwa amelala chali, akauliza kama kwa Maman Jeannine kuna umeme wa kutosha. Akaondoka amebeba redio tu. Nguo alimwachia dada azifue kwanza.

Murielle akaliondoa pazia. Chumba kikawa kikubwa, kibaya, rangi mbili ukutani. Melchior akakaa kitandani na shati lake la bluu, akasikiliza. Murielle akamwambia asije akadhani amesamehewa. Kwanza amemnyima Mungu Jumapili, halafu amemfanya mkewe alionee wivu kopo. Melchior akasema ndiyo, mama. Akajilaza hivyohivyo na jua liko mlangoni, na kabla hajamaliza kukunja miguu akawa amelala.

Ndipo Murielle akagundua jambo ambalo redio ya Parfait ilikuwa imelifunika muda wote. Mumewe anakoroma. Si mkoromo wa kibinadamu. Ni wa lori linalopanda mlima limebeba saruji. Akamsukuma, Melchior akageuka, akaanza upya upande wa pili. Murielle akamsonya. Akamwita Kapteni, akamwita kopo, akamwita majina ambayo mimi siandiki. Mwisho akavua vile viatu, akamsogeza kwa kiwiko apate nafasi, akalala.