Nguzo Imezama, Mashine Yasema Salama

Wewe uliangalia pembeni. Usikunje uso. Masika ya mwaka tisini na nane ulipita Ifakara, ukawaona wanawake wamekaa chini nje ya kanisa na sufuria zao zenye matope, ukasema, "Mafuriko hayo, kazi ya Mungu," kisha ukanunua mchele wako ukaenda zako. Mungu hakuandika ile programu. Kaa chini usikie yaliyompata Levina.

Levina alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mradi wa tahadhari ya maji. Kila msimu wa mpunga nusu ya watu wetu huhamia mbugani, wakaishi kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakifukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno. Mama yake, Aurelia, alikuwa na dungu lake mbele kabisa ya kijiji cha Katindiuka, karibu na mto. Na mradi ulikuwa umeahidi mbele ya watu: mto ukitaka kufurika, kompyuta itajua mapema, na vijana wa baiskeli watapita dungu kwa dungu.

Ilikuwa hivi. Kila asubuhi vituo vitatu vya mtoni vilitaja kimo cha maji kwa redio. Dionisi, mtu wa redio, aliandika kama alivyosikia. Kompyuta ikajumlisha, ikagawanya kwa tatu, na chini ya karatasi ikatoa neno moja: SALAMA au HATARI.

Programu ile ilikuwa na lugha yake ndogo ya amri, na mkalimani wa kuzisoma mstari kwa mstari. Lugha hiyo haikuujua mto. Ili iujue, alikuja mtaalamu akaandika moduli, kipande cha programu cha kuongezea, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akaiunga ndani ya mkalimani. Kazi ya moduli ilikuwa kupokea maandishi ya Dionisi na kuyageuza namba. Mtaalamu akaondoka na maandishi ya asili ya moduli kwenye disketi zake. Sisi akatuachia kitu kilichofungwa, kisichosomeka, na kitabu kimoja cha kufundisha kuandika moduli.

Desemba, mvua ziliposhuka kwa fujo, Levina akaona jambo kwenye karatasi. Kituo cha juu: sifuri. Mto unanguruma, mashine inasema umekauka! Akafuatilia. Makoye, msoma nguzo wa kule juu, alikuwa ameagizwa asikisie hata siku moja. Maji yakiifunika nguzo ya kupimia, hataji namba. Anasema, "Imezama." Dionisi anaandika hivyo hivyo. Na moduli ikipewa neno badala ya namba haiulizi, inarudisha sifuri. Likifika kwenye lugha ndogo, neno limeshakufa. Maji yakizidi kabisa ndipo wastani unaposhuka.

Levina akakichukua kitabu. Kila saa ya chakula alikaa nacho.

"Dada Levina," Dionisi alimtania, "hicho mchwa wamekisoma kabla yako, na hawajapata kazi."

"Wao hawakufika mwisho, kaka. Mimi nitafika."

Akaanza kuandika moduli yake mwenyewe. Mashine iliganda mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikubali. Moduli yake, ikipewa "imezama," ilizuia neno SALAMA na kuandika: KITUO CHA JUU HAKINA NAMBA, ULIZENI. Akaitia kwenye disketi, akampelekea mkuu wa ofisi, mzee Kelestini.

"Binti, mashine hii ina wenyewe. Ukiitia vitu vyako ikafa, nani atajibu?"

"Mzee, ikibaki hivi watakufa watu."

"Andika barua."

Akaandika. Januari ikapita, Februari ikapita, makao makuu kimya.

Jumanne moja ya Machi, Dionisi aliita redioni, "Makoye, taja namba!"

"Namba gani, ndugu yangu? Imezama tangu alfajiri. Hata ncha siioni."

Vituo viwili vya chini, ambako mafuriko yalikuwa hayajafika, vilitaja mita tatu na kitu. Karatasi ikatoka. Wastani mbili nukta tatu. SALAMA.

Levina aliingia kwa Kelestini na disketi mkononi. "Shikamoo mzee. Niruhusu niiweke. Dakika tano tu."

"Marahaba. Barua imejibiwa?"

"Bado. Basi watume vijana hata bila mashine."

"Niwatoe watu mashambani kwa neno la mpiga chapa, na karatasi inasema salama? Nguruwe wakimaliza mpunga wao, watakuja kwako au kwangu? Kachape ripoti yangu."

Akaenda akachapa. Kurasa nne, bila kosa. Tumefundishwa utii mpaka vidole vinatii peke yavyo. Saa sita ndipo alipoinuka, akachukua baiskeli ya Dionisi bila kuomba.

Kupita Katindiuka alikutana na watu wamejitwika mikeka, kuku wananing'inia. Akamwona Marsiana, jirani wa mama yake mbugani, amelowa mpaka kifuani.

"Mama yuko wapi?"

Marsiana alitua mzigo kwanza. "Tulimwita, mwanangu. Tuliona kambare wanaingia kwenye majaruba ya mpunga, tukajua. Akatucheka. Akasema, 'Kimbieni na woga wenu. Levina wangu yuko kwenye mashine. Maji yangekuwa yanakuja, angenitumia mtu.'"

Walimpata siku ya tatu, dungu limekwama kwenye matete, naye ndani. Levina alimwosha mwenyewe. Aliporudi ofisini aliiweka disketi mezani kwa Kelestini, akatoka, wala hakurudi tena. Siku hizi hapiti njia inayoonyesha mto.

Mvua za kwanza zinakuja tena. Moduli ile ile imo kwenye mashine ile ile, disketi imo kwenye droo ya Kelestini, na wiki ijayo watu wanahamia madunguni. Pole zako hazihitajiki. Inuka, mchukue na jirani yako, nendeni ofisini kesho saa mbili. Simameni mezani kwa Kelestini mpaka droo ifunguliwe na disketi iwekwe mkiona kwa macho. Msitoke mpaka Dionisi aandike "imezama" na mashine ikatae kusema salama.