Manjano Chini ya Hadubini

Asubuhi iliyofuata sikukuu ya zana, siku ambayo Wahindu hubariki vifaa vyao vya kazi, Sharvani aliona mng'ao wa kijani pembeni mwa picha ya hadubini yake. Aliufuata, akakuta nukta nyingi ndani ya damu. Alikuwa amezisubiri mwaka mzima. Utafiti wake ulikuwa kunasa seli za saratani katika damu ya wagonjwa, kwa chipu ya mpira yenye mifereji myembamba kuliko unywele na mitego ya kuzishika. Seli zilizotiwa rangi zilipaswa kung'aa kijani chini ya mwanga wa buluu. Mitego yake haikuwahi kunasa hata moja, na Profesa Ambujakshi alikuwa amesema wazi: bila matokeo, mada ingefungwa siku hiyo adhuhuri.

"Dada, kwa habari njema hii leo unatulisha peremende!" alisema Puttaraju, fundi wa maabara. "Mwite bosi."

"Ngoja kwanza nipitishe maji matupu, yasiyo na seli."

"Maji ya nini? Mungu amekupa, unamdai risiti?"

Sharvani alichukua chipu nyingine, akapitisha maji. Nukta ziling'aa vilevile.

"Puttaraju, jana kwenye ibada ya zana ulipaka unga wa manjano wapi?"

"Kote. Hadubini, mizani, pampu, kalibu ya kumiminia chipu..."

"Kalibu? Chipu hizi nilizimimina humo jana usiku!"

"Kidogo tu, dada! Inafanya kazi kuliko sisi sote. Ningeiruka, si ingenuna?"

Manjano nayo hung'aa kijani chini ya mwanga wa buluu. Kila mtu maabarani alilijua hilo. Mbele ya maua na ubani, hakuna aliyelikumbuka.

Picha za damu zilikuwa nzuri, zingetosha kuiokoa mada. Profesa alipoingia, Sharvani alimwonyesha ile chipu ya maji.

"Si seli, Profesa. Ni manjano."

Profesa aliinamia hadubini, akaisogeza chipu taratibu.

"Mitego yako iko wapi?"

"Mwisho wa mfereji."

"Na manjano yamekwama wapi?"

Sharvani alitazama. Chembe zote zilikuwa zimerundikana kwenye kona ya kwanza. Mwaka mzima alikuwa ameelekeza hadubini kwenye mitego tu.

"Kona ni kali mno," alisema Profesa. "Seli zako huishia hapo. Ichonge upya. Sifungi mada leo; nakupa wiki tatu, mpaka sikukuu ya Dipavali."

Alipotoka, Puttaraju alisogea.

"Kwa hiyo peremende zipo?"

"Kanawe mikono kwanza," alisema Sharvani, akaenda kuosha kalibu.