Kicheko Kilichokwama Kwenye DVD

Naomba nieleweke mapema: sikuikimbia kompyuta. Nilimkimbia baba mkwe. Kwamba baba mkwe alikuwa ndani ya kompyuta, hilo ni jambo lingine, na jirani yangu Mwamvua, aliyekuwa amekaa sebuleni kwangu anakula karanga zangu, hakuwa na haki ya kulitangaza Tunduma nzima kama alivyofanya.

Mimi ni Fortunata, Mama Happy, mwenye steshenari karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Kompyuta naijua, sijaanza kuishangaa leo. Nimezaliwa Mbozi, katikati ya mibuni, Mnyiha kamili. Nyumbani kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini unamsalimia, unamwandalia chakula, maisha yanaendelea. Kumbe nilikuwa naenda kuolewa Ibaba, kwa Wandali, na kwenye ukoo wa mume wangu Nsajigwa mambo ni mengine kabisa. Mkamwana hamtazami baba mkwe. Mkikutana njiani unaacha njia, unaingia kwenye mahindi, unajifunika kitenge mpaka apite. Yeye akiwa sebuleni, wewe uko jikoni. Hamsemezani, ujumbe unapitia kwa mtu mwingine. Siku naelezwa nilinuna, nikamuuliza Nsajigwa, "Kwani baba yako ana nini?" Baadaye nikaelewa kuwa ndiyo heshima yenyewe. Nikaishika, na leo naishika kuliko hata mashangazi zake.

Sasa tuje kwenye DVD. Harusi yetu ilikuwa Ibaba mwaka 2010, mpiga video akatoka Itumba na kamera moja. Asubuhi ya siku hiyo mama mkwe wangu, Mama Tusekile, akanifundisha: "Ukimwona baba mkwe wako anakuja, jifiche haraka." Haya. Hakuniambia anafananaje. Na mimi ningemjuaje? Mtu ambaye huruhusiwi kumtazama, sura yake utaijulia wapi? Basi tumetoka kanisani, naona mzee mmoja mrefu, koti jeusi, anakuja moja kwa moja kwangu huku anatabasamu. Nikasema ndiye huyu. Nikakusanya gauni, nikatimua mbio, nikajibanza nyuma ya mzee mfupi aliyesimama karibu na kreti za soda. Nikamshika na koti kabisa nisianguke.

Yule mrefu alikuwa mchungaji, anakuja kunipa mkono wa pongezi. Yule mfupi ndiye baba mkwe, Mzee Amoni.

Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu Mama Tusekile akaanza kucheka. Kicheko chake kilikuwa kinaanza chini chini, kinapanda, pumzi inamwishia, anapiga kelele "Yeee!" halafu anaanza upya. Alicheka mpaka kilemba kikadondoka. Na alipocheka yeye, uwanja mzima ulicheka, na kosa langu likaishia palepale. Hakuna mzee aliyethubutu kunidai kuku wa faini. Yule mama aliniokoa mbele ya ukoo mzima, nami nilimpenda kuanzia dakika ile. Alifariki mwaka jana mwezi wa sita. Mpaka sasa nikionja maharage namsikia akinikosoa chumvi.

Mwezi uliopita Nsajigwa alirudi kutoka Ibaba, akakaa jikoni bila hata kuvua viatu.

"Baba anauliza ile DVD ya harusi," akasema.

"Anaitakia nini? Macho yenyewe si hayaoni?" Mzee Amoni ana mtoto wa jicho pande zote mbili, anaona mwanga na vivuli basi.

"Anasema anaanza kuisahau sauti ya mama. Anataka amsikie akicheka. Jumamosi ya kumbukumbu ya mwaka, tukikusanyika."

Niliweka kisu chini. Mwenzangu, mtu umeishi na mke miaka hamsini, halafu sauti yake inakuponyoka kidogo kidogo, na huna pa kuishika. Nilisikia uchungu, siwezi kusema uongo. Nikamwambia, "Mwambie atamsikia." Nimeshaahidi kabla ya kufikiri. Ndivyo nilivyo.

Tatizo ni kwamba DVD zilikuwa mbili tu duniani. Ya Ibaba, deki ilipokufa, wajukuu waliitundika kwenye shamba la maharage itishie ndege. Ndege wenyewe wameizoea, wanakuja kujitazamia. Ya kwetu ilikuwa imechubuka, na ukiiweka kwenye deki inakwama palepale ninapokusanya gauni. Inasaga, inasaga, kisha inarukia watu wanakula pilau. Kicheko kilikuwa humo ndani ya michubuko, na kila ukiicheza inazidi kuharibika. Ilibidi ihamishiwe kwenye kompyuta, na ihamishwe vizuri.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kumbukumbu, nikamwachia mdogo wangu Recho duka. Nikakaa nyumbani na kompyuta yetu ndogo, nikachomeka draivu ya DVD, nikapakua programu tatu. Majina yake ya Kizungu hayakai kichwani, nikazibatiza ya kwangu.

Ya kwanza niliiita Bibi Harusi, kwa jinsi ilivyojipamba: vitufe vya dhahabu, maua pembeni. Ilinakili dakika tano ikasimama, ikaniomba dola. Na hizo dakika tano zenyewe ilikuwa imeandika jina lake kwa herufi nene katikati ya picha. Nikasema ngoja nione basi walau picha ikoje. Nikafungua. Sura ya Mzee Amoni ikajaa kioo kizima, ananitazama machoni.

Nilipopata fahamu nilikuwa nyuma ya kochi, kitenge kichwani.

"Shoga! Nyoka?" Mwamvua alikuwa amepanda juu ya kiti na bakuli la karanga.

"Baba mkwe!"

"Yuko wapi?"

"Kwenye kompyuta!"

Mwamvua anatoka Momba bondeni, kwa wafugaji, na huko kwao inaonekana hawana huruma. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Toka huko, Mama Happy. Hiyo ni picha. Picha inakuona?"

"Haijalishi kama inaniona. Mimi ndiye ninayeiona. Funga!"

Akafunga, anajifuta machozi. Hapo ndipo nilipogundua balaa langu. Ili nichague programu lazima niikague kazi yake, na ili niikague lazima nitazame harusi ambayo Mzee Amoni amejaa kila kona. Tukakubaliana hivi: Mwamvua atakuwa macho yangu. Yeye atazame kioo, mimi nigeukie ukutani, kwenye kalenda, nisikilize.

Ya pili niliiita Mjomba Haraka. Ilimaliza DVD nzima kabla chai haijapoa. Mwamvua akaicheza, mimi nimeitolea macho kalenda.

"Weee! Picha safi hii! Kilemba cha mama mkwe wako naona mpaka maua yake. Haya, mchungaji huyo anakuja. Unakusanya gauni..."

Nikasubiri. Nikasikia vijiko na sahani.

"Kicheko kiko wapi?" nikauliza.

"Kicheko gani? Watu wanakula pilau."

Mjomba Haraka alipofika kwenye mchubuko alikuwa ameruka tu, kama mtu anaruka dimbwi asichafue viatu. Hakusema, hakuomba radhi. Wakati huohuo Nsajigwa akaingia kula chakula cha mchana, akaona ile picha, akapiga makofi.

"Hii hii! Chukua hii."

"Haina kicheko."

"Lakini ona inavyong'aa, Mama Happy. Jumamosi watu wote watakuwepo. Mashangazi watataka picha nzuri."

"Mashangazi waje steshenari niwapige pasipoti! Baba yako ameomba picha?"

Akaenda kunawa mikono.

Ya tatu niliiita Punda. Haikuwa na pambo hata moja. Kioo cheusi, maandishi meupe, namba zinahesabu pole pole. Nilisoma kwamba yenyewe ikifika mahali pabovu hairuki, inasoma tena, na tena, na tena, mpaka iambulie chochote. Nikaianzisha Ijumaa asubuhi. Saa sita mchana ikafika kwenye mchubuko ikagoma, namba haisogei. Draivu inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma. Saa saba, namba ileile. Saa nane, ileile.

"Imekufa hiyo," akasema Nsajigwa, ananyoosha mkono.

"Usimguse! Ukimgusa leo hulali humu ndani." Nilikuwa nimekaa mbele ya mashine kama nauguza mtoto, na mwenyewe nilikuwa naogopa. Kama Punda akishindwa, hakuna programu ya nne, na kesho naenda Ibaba kumwambia mzee wa watu kwamba ahadi yangu ilikuwa maneno matupu.

Saa kumi kasoro namba ikasogea. Saa kumi na nusu ikaisha. Mwamvua akaitwa, akaja na unga mikononi. Mimi nikageukia kalenda.

"Shoga, picha imeharibika," akasema kwa upole, na Mwamvua akiwa mpole ujue hali ni mbaya. "Watu wote wamekuwa vibokisi. Mchungaji hana kichwa. Wewe mwenyewe umekatika vipande vitatu..."

"Nyamaza!"

Kilikuwa kimeanza. Chini chini kwanza, kama mtu anakohoa. Kikapanda. Pumzi ikamwishia, nikahesabu moja, mbili, na Mama Tusekile akapiga kelele "Yeee!" sebuleni kwangu, kikaanza upya, kizima, hakijakatwa hata kipande. Nililia na kucheka kwa pamoja, uso umeelekea kalenda. Nilipogeuka, Nsajigwa alikuwa amesimama mlangoni. Alisema neno moja tu, "Mama." Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Tunachukua hii," akasema yeye mwenyewe.

Jumamosi tukapanda Ibaba. Tukasali kaburini, tukaimba, tukala. Kisha kompyuta ikawekwa mezani sebuleni, spika pembeni, Mzee Amoni kwenye kigoda mbele kabisa na koti lake la kanisani. Mimi nikabaki jikoni, mahali pangu. Nilikuwa nimemfundisha Nsajigwa mara tano: fungua, bonyeza, kaa. Mtu anaendesha lori la semi mpaka Ndola, Zambia, atashindwa kitufe?

Alishindwa.

"Mama Happy! Imeganda!"

"Bonyeza spesi!" nikapiga kelele kutoka jikoni.

"Ipi?"

"Ile ndefu!"

"Imezima yote!"

Nikaanza kuwasikia mashangazi wananung'unika, na picha yenyewe mbaya, na hii mashine ya wapi. Nilishika mwiko wa ugali kwa hasira, nikawa nazunguka pale jikoni sijui niingie au nisiingie. Ndipo nikasikia sauti ya Mzee Amoni, sauti ambayo miaka yote hii nimeisikia kupitia ukuta tu.

"Mwiteni mkamwana."

"Kaka, haifai," akasema shangazi mmoja. "Mtaonana."

"Nani atamwona mwenzake? Mimi hata kikombe changu sikioni. Mwambieni aje ajifiche nyuma yangu kama siku ile. Mahali pake si anapajua?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Mimi nilijifunika kitenge, nikaingia naangalia miguu yangu mwenyewe, naipitisha pembeni ya ukuta. Nikakaa kwenye mkeka nyuma ya kigoda. Nsajigwa akaisogeza meza. Nikapitisha mkono pembeni ya mzee, nikabonyeza pale ilipotakiwa.

Kicheko kikaja. Chini chini, kikapanda, kikafika kwenye "Yeee!" na nyumba ikajaa Mama Tusekile. Mgongo wa Mzee Amoni ukaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikaingiwa na hofu, kumbe anacheka, kisha nikasikia kuwa anafanya yote mawili. Mashangazi wakakidakia kicheko, wakapiga vigelegele, hata yule aliyesema haifai.

Niliinua macho kidogo, nikatazama kioo juu ya bega lake. Nisingeweza kuvunja heshima hata ningetaka, maana Punda alikuwa ameugeuza uso wa mzee kuwa vibokisi vitupu. Lakini gauni jeupe lilionekana, na mkono wangu umelishika koti lake. Nikatazama chini. Mkono wangu ulikuwa umelishika koti lake tena, na sijui nililishika saa ngapi.

Kicheko kilipoisha hakugeuka. Alisema polepole, na safari hii hakumtuma mtu.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia.