Shahidi wa Msumeno

Fundi seremala aliuweka mkono wake wenye bandeji juu ya meza ya mtu wa bima, vidole vitatu havimo. Akasema yote bila kumung'unya maneno: tajiri wake, mwenye karakana, aliing'oa kinga ya msumeno zamani ili mbao zipite chapuchapu, na karakana nzima ikajitia hamnazo.

Mtu wa bima hakubisha. Alitoa karatasi ya miaka miwili nyuma, siku shemeji wa fundi alipokatwa na msumeno huohuo.

“Shahidi huyu anasema kinga ilikuwepo, majeruhi alijitakia mwenyewe. Sahihi si yako?”

Ilikuwa yake. Aliitia wiki ileile aliyofanywa msimamizi.

“Niliandikiwa, nikatia sahihi tu,” alisema.

“Basi niletee mwingine aliyeumizwa na msumeno huo, aseme kinga haikuwepo. Yupo?”

Yupo, tena hakuwa mbali. Alikuwa nje kwenye benchi, shemeji aliyemsindikiza, ambaye asubuhi ile alimfungia vifungo vya shati kwa mkono wake uliobaki na vidole viwili, na ambaye hadi leo humlaani shahidi asiyemjua.